Kila Umbele Una Nyuma Yake

Nianze na aibu yangu mwenyewe kabla sijagusa historia ya mtu mwingine.

Mwaka juzi niliitwa kwenye usaili katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi. Viatu niliazima kwa jirani, shati nililipiga pasi usiku kwa kuogopa umeme kukatika asubuhi, na vyeti nilivibeba ndani ya bahasha ya kaki kwa uangalifu kama nimebeba mayai. Mezani walikaa watu watatu. Maswali mawili ya mwanzo niliyajibu vizuri tu. La tatu likatoka kwa mama mmoja mwenye miwani, kwa sauti ya upole kabisa: “Tueleze wakati ambapo vipaumbele vya kazi vilibadilika ghafla. Ulifanya nini?”

Nikajibu kama tunavyofundishana kijiweni. Mimi ni mwepesi wa kubadilika, naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote, presha kwangu si tatizo. Yule mama akasubiri nimalize. “Sawa,” akasema, “hizo ni sifa. Mimi nimeomba mfano.”

Mfano! Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja. Nikasimulia habari za mtihani wa chuo ulioahirishwa, habari isiyo na kichwa wala miguu, na nikaona kalamu yake imesimama haiandiki. Tukaagana kwa tabasamu. Nilipofika kwenye ngazi nilijua kwamba kibarua changu kimeota nyasi kabla hata sijakabidhiwa jembe.

Jioni nilimkuta baba kibarazani, Temeke, redio iko sikioni kama kawaida yake. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyonipata. Nilidhani atanipa pole. Badala yake mzee alicheka, akacheka tena, halafu akasema: “Mwanangu, hilo swali mimi nimelijibu miaka 19, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.”

Makala haya yametokana na kicheko hicho.

Swali lenyewe lilitoka wapi

Wengi wetu tunadhani maswali ya usaili yanatungwa ili kutukomoa. La hasha. Swali kama lile lina ukoo, na ukoo wake unaanzia vitani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga la Marekani lilihitaji marubani wengi kwa haraka, na wengi kati ya walioingia mafunzoni walikuwa wanashindwa. Mwanasaikolojia mmoja, John Flanagan, alipewa kazi ya kutafuta njia bora ya kuwachagua. Alipozisoma ripoti za walioshindwa alikuta zimejaa maneno ya jumla: huyu hana busara, yule maendeleo yake hafifu. Maneno ya namna hiyo yalimsaidia nini? Hakuna. Yeye na wenzake wakaanza kuomba matukio. Usiniambie rubani hana busara. Niambie siku ile alifanya nini, ndege ikiwa wapi, kikatokea nini. Mwaka 1954 Flanagan aliichapisha mbinu hiyo, na wataalamu wa kazi wakaipokea. Kufika miaka ya 1980 watafiti wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wamekwisha kuigeuza kuwa mtindo kamili wa usaili, wenye imani moja kuu: alichofanya mtu jana ndicho kitakachokudokeza atakachofanya kesho. Makampuni yakaubeba mtindo huo nchi hadi nchi, na sasa umetufikia sisi wa Temeke na Tandale na bahasha zetu za kaki.

Kwa hiyo yule mama wa miwani hakuwa mkorofi. Alikuwa anafanya kazi ileile ya Flanagan: sifa weka pembeni, lete tukio. Na hapa ndipo nilipozinduka. Kumbe swali la usaili ni swali la historia! Msailiwa anaombwa awe mwanahistoria wa maisha yake mwenyewe, mwenye tarehe, sababu na matokeo. Mimi niliyepata alama nzuri za historia kidato cha nne sikujua hata historia ya mtu ninayekula naye sahani moja.

Wakati kazi ilipokuwa ikimtafuta mtu

Kijana wa leo hawezi kuamini, lakini palikuwa na zama ambazo kazi ndiyo iliyomtafuta mtu. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 wasomi wake walihesabika. Ofisi zilikuwa zimejaa maofisa wa kikoloni wanaofunga virago, na viti vyao vilitaka watu. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu wa chuo kikuu hakuzunguka na bahasha. Serikali ndiyo iliyompangia kazi. Usaili wa kumbana mtu na mifano haukuwa na nafasi kubwa.

Lakini swali la vipaumbele lilikuwepo. Tena lilikuwa kali kuliko la mezani, kwa sababu lilikuja mtu akiwa tayari kazini, na lilikuja kwa amri.

Tuliangalie neno lenyewe. Ndani ya “kipaumbele” mna kupa na mna umbele. Kitu kimoja kinapewa nafasi ya mbele. Sasa, foleni yoyote ile, iwe ya sukari au ya bombani, ukimpitisha mtu mbele lazima kuna aliyesogezwa nyuma. Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Mei 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, hotuba yake ilibeba maneno ambayo mpaka leo yanatajwa: kupanga ni kuchagua. Nchi maskini haiwezi kufanya yote kwa mpigo. Ukilichagua hili, ujue umelikataa au umelichelewesha lile.

Naam, maneno ya hekima. Lakini itazame miaka iliyofuata kwa jicho la karani aliyekaa mezani, maana yeye ndiye aliyeyapokea mafaili.

Februari 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, mabenki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma. Mei 1972 viongozi wa TANU wakakutana Iringa, wakatoka na Siasa ni Kilimo. Mwaka huohuo ukaja mfumo wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa, maofisa wa wizara wakapelekwa mikoani. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma ndani ya miaka 10, na mwezi Novemba mwaka huohuo kuishi katika vijiji kukawa ni amri. Ukame ukapiga, bei ya mafuta duniani ikapanda, na mwaka 1974 kikaja Kilimo cha Kufa na Kupona. Hata watumishi wa mjini walitoka maofisini kwenda kulima. Novemba 1974, Musoma, ikaamuliwa kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mwaka 1977 huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli, ndege, posta na bandari, vyote vikatakiwa kuwa na mashirika mapya ya Kitanzania, na kwa haraka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera.

Hesabu mwenyewe. Katika miaka isiyozidi 12 karani huyo ameambiwa mara zote hizo kwamba hili ndilo la kwanza. Sisemi mambo hayo yalikuwa mabaya. Mengi yalikuwa ya lazima, na mengine ni fahari yetu. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma, na miaka 10 baadaye hali ilikuwa imegeuka kabisa. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake kwenye darasa la ngumbaro. Sithubutu kuibeza kazi hiyo.

Ninachouliza ni hiki: kipi kilisogezwa nyuma, na nani aliambiwa?

Chukua elimu. Watoto walijaa madarasani kama ilivyotakiwa. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko shuleni wakiwa wanafundisha. Wakaitwa walimu wa UPE, na mitaani jina hilo likageuzwa kuwa tusi. Sekondari ilisogezwa nyuma: kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliokuwa wakipata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule za serikali walikuwa wachache mno. Mtoto aliyefaulu vizuri tu darasa la saba alirudi nyumbani, na mzazi wake akadhani mtoto ni mjinga. Hakuambiwa kwamba mtoto hakushindwa, ila foleni ilipangwa upya.

Chukua Dodoma. Uamuzi ni wa 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Kile kipaumbele kilikaa foleni zaidi ya miaka 40. Kila mara palikuwa na jingine la kufa na kupona mbele yake.

Kaunta buku ya mzee

Sasa nirudi kibarazani. Baba alimaliza kidato cha nne, akapita JKT, na mwaka 1975 akaajiriwa kuwa karani wa bohari katika shirika moja la umma lililosambaza vifaa vya ujenzi. Kazi ya bohari ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya: kilichoingia kiandikwe, kilichotoka kiandikwe, kilichobaki kilingane na karatasi.

Siku ile baada ya kucheka aliingia ndani, akatoka na kaunta buku iliyofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimeiona tangu utoto, juu ya kabati, chini ya sanduku la vyombo vya wageni. Nikasema ukweli wangu hapa: nilikuwa nikiidharau. Mama alipokuwa akihangaika na genge la mboga, mimi nilimtazama baba na daftari lake nikajisemea moyoni kwamba huyu mzee alishindwa kubadilika, amebaki na karatasi za shirika lililokufa.

Tukaifungua. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne zilizopigwa mstari kwa rula. Ya kwanza: tarehe na amri. Ya pili: ameitoa nani. Ya tatu: kilichosubiri. Ya nne: nimemwarifu nani.

“Hii ya tatu na ya nne,” nikamuuliza, “shirika ndilo lililotaka?”

“Shirika lilitaka mbili za mwanzo tu. Hizo nyingine niliongeza mwenyewe.”

Akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa Novemba 1978. Mwalimu alikuwa amekwisha kulitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Magari ya umma na ya watu binafsi yakakusanywa kupeleka askari na vifaa Kagera. Bohari ya baba ikapokea amri kwa simu: malori yote mawili na maturubai yote yaondoke leo. Asubuhi ya siku hiyo malori yalikuwa yamepakiwa bati za kuezekea madarasa ya shule moja ya wilayani.

“Ulifanyaje?”

“Nilishusha bati. Ni vita, mwanangu, utabishana nini? Lakini nilimwambia yule bwana wa kwenye simu: maturubai yatatoka, ila mtu atakayeyachukua aje na karatasi yenye sahihi. Akanifokea. Nikamwambia fokea, lakini karatasi ije. Ikaja saa 10 jioni. Halafu nikamwandikia afisa elimu wa wilaya barua kwamba bati zake zipo, zimeshushwa kwa sababu hii, na nitamwarifu likipatikana lori.”

Safu ya tatu imeandikwa: Bati za shule, 240. Safu ya nne: Afisa Elimu, kwa barua. Na chini yake, kwa wino mwingine, tarehe ya Juni 1979, miezi miwili baada ya Kampala kuanguka: Zimeondoka.

Miezi saba. Watoto wale walisoma chini ya miti msimu mzima wa mvua. Baba hakunificha hilo. “Walilowa,” akasema. “Lakini mwalimu wao alijua kwa nini, na alijua bati hazijaibiwa. Kwa hiyo hakukata tamaa akaziezeka kwa nyasi. Kuta zilisubiri bati.”

Karatasi ile ya maturubai ilikaa kimya miaka minne na nusu. Vita ilikuwa imekula fedha za nchi, mafuta yakawa adimu, sabuni na unga vikawa vya kupanga foleni. Mwanzoni mwa 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikatangaza vita nyingine, safari hii dhidi ya wahujumu uchumi. Ikapitishwa sheria maalumu na mahakama yake maalumu. Watu walitupa bidhaa vichakani na baharini usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Mwaka huohuo ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, na vijana wa Dar es Salaam wakawa wanasimamishwa barabarani kuulizwa wanafanya kazi gani. Huo nao ulikuwa usaili, tena wa kutisha: asiye na jibu alipakiwa gari kupelekwa kijijini kulima.

Wakaguzi walifika kwenye bohari ya baba. Maturubai 60 hayaonekani kwenye hesabu. Leja inasema yaliingia, haisemi yalitoka kwa idhini ya nani. Aliyekuwa mkuu wa bohari mwaka 1978 alikuwa amekwisha kuhama. Baba akaifungua kaunta buku, akatoa ile karatasi ya saa 10 jioni, imekunjwa mara nne, sahihi iko palepale.

Karani mwenzake wa bohari ya pili alikuwa ametoa vitu vyake kwa simu tu, kwa moyo mmoja, kwa kuipenda nchi. Alichukuliwa. Baba anapolisimulia hili anazima redio.

“Yeye ndiye aliyebadilika haraka kuliko mimi,” akasema. “Mimi waliniita mgumu.”

Kiinua mgongo

Mwaka 1984 Sokoine akafariki kwa ajali ya gari. Mwaka uliofuata Mwalimu akang’atuka, akaingia Mzee Mwinyi, na mambo yaliyokuwa mwiko yakawa ruksa. Mwaka 1986 serikali ikatiliana sahihi na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, milango ya biashara ikafunguliwa. Madukani vitu vikarudi. Mshahara wa baba ukawa hautoshi kuvinunua. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi yale waliyokatazwa Arusha. Mwaka 1992, mwaka uleule wa vyama vingi, ikapitishwa sheria iliyofungua njia ya kuyauza mashirika ya umma, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikaanza kuyapanga: hili la kuuzwa, hili la ubia, hili la kufungwa. Wafanyakazi maelfu kwa maelfu wakapunguzwa, mashirikani na serikalini kwenyewe. Hata Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa na Azimio mwaka 1967, iligawanywa mwaka 1997 na sehemu moja ikauzwa mwaka 2000.

Zamu ya baba ilifika mwaka 1994. Waliitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano. Akaambiwa kwa upole kwamba vipaumbele vya shirika vimebadilika. Akapewa bahasha ya kiinua mgongo. Sijui ni nani aliyelitunga jina hilo; mgongo wa baba haukuinuka. Hela ile ililipa madeni, ikanunua cherehani moja na mifuko ya saruji ambayo iliganda kabla ya chumba cha pili kujengwa. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye, kifunga mimba wa nyumba ambayo chakula chake kilitoka kwenye genge la mama.

Nilimuuliza kama siku ile aliandika kwenye kaunta buku. Akafungua ukurasa wa mwisho. Tarehe na amri: Nimepunguzwa. Ameitoa nani: Menejimenti. Kilichosubiri: hapo aliandika majina ya kaka zangu wawili na dada yangu, na mbele ya kila jina, darasa alilokuwa anasoma. Safu ya nne, nimemwarifu nani, aliandika: Mama yao.

Sikuwa na la kusema. Tukakaa mpaka adhana ya magharibi.

Kurudi mezani

Kuna wakubwa wanaotuhubiria kwamba kijana wa kisasa lazima awe mwepesi kama bendera, aelekee upepo uendako. Historia ya nchi yetu inanionyesha kwamba kubadilika si sifa peke yake. Karani wa bohari ya pili alibadilika haraka, akaangamia. Taifa lilibadilika mara nyingi, na mara nyingi waliosogezwa nyuma hawakuambiwa. Mwenye kustahili sifa ni anayebadilika huku akikumbuka alichokiweka chini, na akamwambia mwenyewe mwenye mali.

Basi nikachora safu nne kwenye daftari langu, nikatafuta mfano. Kumbe ninao! Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikaa miezi miwili kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Alhamisi moja tulikuwa tunachapa kadi 300 za harusi, za kuchukuliwa Ijumaa asubuhi. Saa tisa wakaingia watu wa msiba wanataka ratiba ya mazishi ya kesho yake. Bosi akasema msiba kwanza, akaondoka. Mashine ni moja. Nilisimamisha kadi zikiwa 110, nikampigia simu katibu wa kamati ya harusi nikamweleza kweli, nikamuuliza ni kadi zipi zinasafiri mikoani. Akasema kama 80. Nikazifunga hizo, akazichukua jioni ileile. Zilizobaki akazipata Jumamosi. Alinung’unika, na kazi nyingine hakutuletea tena.

Miezi minane baada ya aibu ile niliitwa kwenye usaili mwingine, ofisi nyingine. Swali likaja lilelile, limebadilishwa shati tu. Nikaeleza kama nilivyokueleza wewe: nani alitoa amri, nini kilisubiri, nilimwarifu nani, ikawaje. Na yule mteja tuliyempoteza nilimtaja. Mmoja wao akaniuliza ningefanya nini tofauti. Nikasema ningempigia bosi kabla hajafika mbali, tuamue pamoja bei ya kumpoza mteja.

Waliponiuliza kama nina swali, nikakumbuka kitu nilichosoma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi majivuno na ukandamizaji, na wafanyakazi wa viwandani wakauchukua kwa uzito, wakawahoji mameneja wao, wakagoma, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Serikali iliwabana baadaye, lakini waliuliza. Mimi sikwenda kutwaa ofisi ya mtu. Niliuliza tu: “Hapa kwenu vipaumbele vinapobadilika, anayesogezwa nyuma anaambiwa na nani?”

Wakatazamana. Mmoja akatabasamu, mwingine hakutabasamu.

Kazi ile walipewa wengine wawili. Baada ya miezi mitatu mmoja wao akaacha, nikapigiwa simu. Nipo hapo mpaka sasa, mezani pangu pana kaunta buku, na wenzangu wananitania kwamba nimezaliwa mzee.

Wewe kijana mwenzangu unayeandika na kufuta, unayesubiri simu isiyolia, usiende mezani na sifa. Kaa kwanza kibarazani na mzee au mama wa kwenu, muulize aliambiwa nini mwaka 1974, 1983 au 1994, na akaacha nini ili akitekeleze. Huenda mfano unaoutafuta umelala juu ya kabati, chini ya vyombo vya wageni.